Programu inawezaje kusoma msimbo wake yenyewe? Ripoti imechapa kanuni moja, hesabu imefuata nyingine

#1 Mtunza_Daftari

Wakuu, habari za jioni. Naomba hili tulijadili kwa kina, maana kila nikitafuta nakuta limejibiwa juu juu.

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kinatumia programu ndogo niliyoiandika kwa Python. Inakaa kwenye seva, inapokea michango na marejesho, na mwisho wa mwaka inakokotoa gawio. Wanachama waliomba jambo ambalo naliona ni haki yao kabisa: karatasi ya gawio isiwe na namba tu, iwe na kanuni iliyozaa namba hizo. Na wasipewe maelezo yaliyoandikwa pembeni, wapewe msimbo wenyewe uliofanya hesabu. Nikatumia `inspect.getsource(gawio)`, ikawa inachapa fanksheni nzima chini ya jedwali.

Mwaka huu mkutano mkuu umepitisha kwamba asilimia 10 ya faida iende mfuko wa jamii kabla ya kugawana. Faili likabadilishwa kwenye seva huku programu ikiendelea kufanya kazi, na jioni ile ile karatasi zikatolewa. Faida ni 4,800,000, hisa ni 1,200. Mama mmoja mwenye hisa 50 alikaa na kalamu yake, akafuata kanuni iliyochapwa mstari kwa mstari, akapata 180,000. Jedwali juu ya karatasi hiyo hiyo linasema 200,000.

Yaani namba zimetoka kwenye kanuni ya zamani na maandishi yametoka kwenye kanuni mpya, ndani ya ukurasa mmoja. Sasa naomba kueleweshwa: programu inasoma wapi msimbo wake? Na ipo njia ya kuilazimisha ionyeshe ule ule unaofanya kazi?

#2 Fundi_Seva

Mkuu, hapo seva haina kosa. Hivyo ndivyo `inspect` inavyofanya kazi.

Python ikipakia moduli inalisoma faili mara moja, inaligeuza kuwa baitikodi (maagizo mafupi ambayo Python yenyewe ndiyo inayoyatekeleza), kisha maandishi inayaacha. Kinachobaki kwenye kumbukumbu ni maagizo ya baitikodi, na kwenye kila fanksheni kuna taarifa mbili ndogo: `co_filename`, yaani faili ilikotoka, na `co_firstlineno`, yaani mstari ilikoanzia. Ukiita `inspect.getsource(gawio)` inachukua jina la faili, inakwenda diskini, inafungua faili lililopo muda huo, inahesabu hadi mstari ule, na kukuletea inachokikuta hapo.

Kwa hiyo hesabu ilifanywa na baitikodi ya asubuhi, maandishi yakasomwa kwenye faili la jioni. Ni kama katibu anayeeleza uamuzi wa mwaka jana huku akisoma katiba iliyorekebishwa mwaka huu.

Mngeongeza mistari kadhaa ya `import` juu kabisa ya faili, namba ya mstari ingeelekeza pengine, na karatasi ingeweza kuchapa kipande cha fanksheni ya faini za kuchelewa. Hilo lingegundulika hapo hapo. Hili lenu ni baya zaidi kwa sababu karatasi inaonekana iko sawa, mpaka apatikane mtu wa kukaa na kalamu.

Traceback (ripoti ya kosa ambayo Python inaichapa programu ikianguka) nayo ni hivyo hivyo. Programu inaanguka, Python inakuonyesha "mstari wenye kosa", ukiutazama unakuta ni maoni au mstari mtupu. Watu wanahangaika saa nzima. Maandishi ya traceback yanasomwa diskini wakati wa kuchapa kosa, na faili lilishabadilika tangu programu ilipowashwa.

#3 Nuru_ya_Msimbo

Samahani mkuu, nina swali. Kwenye folda ya `__pycache__` kuna mafaili ya `.pyc`. Si hapo msimbo unapohifadhiwa? Kwa nini asisome huko?

#4 Fundi_Seva

Swali zuri. `.pyc` ina baitikodi tu. Maandishi hayamo, maoni hayamo, nafasi hazimo. Ukitumia moduli ya `dis` utaona maagizo yake, pakia hiki, gawanya kwa kile, na kwa mtu mwenye hisa 50 karatasi ya namna hiyo haimsaidii chochote.

Ila umegusa jambo jingine. Python inajuaje kama `.pyc` bado inalingana na `.py`? Kwa kawaida mwanzoni mwa `.pyc` huandikwa muda ambao faili la chanzo lilibadilishwa mara ya mwisho, pamoja na ukubwa wake kwa baiti. Vikilingana, inaamini. Sasa chukua mkutano unaobadili 0.10 kuwa 0.12. Idadi ya baiti ni ile ile. Kama chombo mnachotumia kupeleka faili kwenye seva kinaweka muda uliogandishwa, na vipo vinavyofanya hivyo kwa makusudi, Python itaendesha kanuni ya zamani hata baada ya kuiwasha upya, na `inspect` itakuonyesha mpya. Tangu toleo la 3.7 unaweza kuchagua `.pyc` inayolinganishwa kwa alama ya maudhui yenyewe. Kwa mambo ya fedha za watu, ningechagua hiyo, au nisitumie `.pyc` kabisa.

#5 Mwandishi_Pwani

Wadau, niko Mombasa, natokea upande wa PHP na Perl, acha nichangie maana kila lugha ina mambo yake.

PHP ina `__FILE__`, na ukiandika `highlight_file(__FILE__)` ukurasa unajionyesha wenyewe, tena kwa rangi. Ila mtego ni ule ule. Seva nyingi zina OPcache, ghala la msimbo uliokwisha kukompailiwa, na ikiwa `opcache.validate_timestamps` imezimwa, kinachoendeshwa ni kilichogandishwa kwenye kumbukumbu wakati `__FILE__` inaelekeza kwenye faili jipya.

Perl inanifurahisha zaidi. Ukiweka `__DATA__` mwisho wa skripti, kila kilicho chini yake unakisoma kupitia mpini wa faili (kiungo cha kusomea faili lililofunguliwa) uitwao `DATA`. Uzuri wake ni kwamba mpini huo ndio ule ule ambao mkalimani wa Perl alikuwa anausomea skripti. Ukisema `seek(DATA, 0, 0)` unarudi mwanzo kabisa wa faili na kusoma skripti nzima. Na kwa kuwa mpini ulifunguliwa tangu programu ilipoanza, hata mtu akileta faili jipya na kulipa jina lile lile, wewe bado unasoma la zamani, lile linaloendeshwa. Ruby nayo inao, unaita `DATA.rewind`. (Akiandika juu ya faili lile lile bila kuunda jipya, ulinzi huo haupo. Hilo lishikeni.)

JavaScript imekwenda njia nyingine. Injini inayashikilia maandishi kwenye kumbukumbu, na `gawio.toString()` inakurudishia. Zamani injini zilitofautiana, nyingine zinapanga upya nafasi, nyingine zinaacha maoni. Kiwango cha ES2019 kikaamua irudishwe vile vile ilivyoandikwa, maoni na nafasi humo humo. Mtunza_Daftari angeandika kwa Node (JavaScript ya kwenye seva), karatasi ya mama yule ingekubaliana na jedwali. Ila kama chanzo chako ni TypeScript, utachapa kile ambacho kompaila ilitoa, na binadamu aliandika kingine.

#6 Fundi_Seva

Mwandishi_Pwani umenikumbusha Bash, lugha ya skripti za amri kwenye Linux, na hii lazima isemwe hapa maana imeumiza wengi.

Bash haisomi skripti yote kwanza. Inasoma kipande, inatekeleza, inarudi kwenye faili kusoma kipande kinachofuata pale ilipoishia, kwa kuhesabu baiti. Ukihariri skripti ikiwa katikati ya kazi, na kihariri chako kikaandika juu ya faili lile lile, Bash itarudi kwenye nafasi yake ya zamani ndani ya maandishi mapya. Inaweza kuangukia katikati ya neno. Skripti ya kuhamisha nakala za akiba, yenye `rm` (amri ya kufuta) ndani yake, ikihaririwa namna hiyo inaweza kufuta kitu ambacho hakuna toleo lolote la skripti lililoagiza kifutwe. Fikiria hilo: programu imefanya jambo ambalo halimo kwenye toleo la zamani wala jipya.

Dawa yake ni kuweka kazi yote ndani ya fanksheni moja, halafu mstari wa mwisho uiite na kuondoka, `kuu "$@"; exit`. Bash inalazimika kusoma fanksheni yote kabla ya kuitekeleza.

Tabia hiyo hiyo ndiyo inayowezesha visakinishi vya Linux vinavyokuja kama faili moja la `.sh`. Juu kuna skripti, chini yake kuna baiti za mafaili yaliyobanwa. Skripti inajisoma yenyewe kwa `tail` juu ya `"$0"` (jina la skripti yenyewe), inaruka mistari yake, inafungua mzigo ulio chini, kisha inafanya `exit` kabla Bash haijafika kwenye zile baiti.

#7 Mchapa_C

Kwa sisi wa C na Go mambo ni tofauti kidogo. Programu iliyokompailiwa haina maandishi ya chanzo ndani yake. `__FILE__` inakupa jina tu, jina la faili kwenye mashine iliyokompaili, ambayo huenda iko nchi nyingine. Hata taarifa za utatuzi kwa kawaida huwa na majina ya mafaili na namba za mistari, maandishi yenyewe hayamo.

Ukitaka yawemo, unayapachika wakati wa kujenga. Go inayo tangu toleo la 1.16 la mwaka 2021: unaandika `//go:embed main.go` juu ya variabo, na maandishi ya faili yanaingia ndani ya programu. Rust ina `include_str!`. C ilisubiri hadi kiwango cha C23 ndipo ikapata `#embed`. Kabla ya hapo tulikuwa tunageuza faili kuwa orodha ya namba kwa `xxd -i`.

Lakini kuna jambo ambalo watu wa skripti hawana. Kwenye Linux, `/proc/self/exe` inakufungulia programu ile ile inayoendeshwa, hata kama faili limeshafutwa na jipya limewekwa mahali pake. Na ukijaribu kuandika moja kwa moja juu ya programu inayoendeshwa, kerneli (kiini cha mfumo wa uendeshaji) inakataa, inakwambia "Text file busy". Kerneli inailinda `python3` isiandikwe juu wakati inafanya kazi. Faili lako la `hesabu.py` kwake ni maandishi tu kama barua, halilindi hata kidogo.

#8 Mtunza_Daftari

Wakuu nashukuru sana, nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia. Nimeelewa kwamba kwa Python maandishi na utekelezaji vinaachana mara tu baada ya kupakia.

Nilifikiria kusoma faili programu inapowaka na kuyaweka maandishi kwenye variabo. Lakini naona bado kuna upenyo: Python imepakia moduli, halafu mimi nalifungua faili mara ya pili. Katikati hapo linaweza kubadilika. Ni sekunde chache, sawa, ila sitaki kuwaambia wanachama "mara nyingi ni sahihi".

#9 Fundi_Seva

Hapo umefikiri vizuri, usilegeze. Upenyo unazibika kwa kusoma mara moja tu, halafu kuendesha kile kile ulichosoma. Usitumie `import` kwa moduli ya hesabu. Andika kipakiaji kidogo:

```
import hashlib, linecache, sys, types

njia = "/srv/kikundi/hesabu.py"
with open(njia, "rb") as f:
    baiti = f.read()

alama = hashlib.sha256(baiti).hexdigest()
mistari = baiti.decode("utf-8").splitlines(True)
linecache.cache[njia] = (len(baiti), None, mistari, njia)

hesabu = types.ModuleType("hesabu")
sys.modules["hesabu"] = hesabu
exec(compile(baiti, njia, "exec"), hesabu.__dict__)
```

Faili linafunguliwa mara moja. Baiti zilizosomwa ndizo zinazokompailiwa, ndizo zinazopigwa alama ya SHA-256 (alama fupi inayobadilika baiti yoyote ikibadilika), na ndizo zitakazochapwa. `.pyc` haihusiki tena.

Mstari wa `linecache` ndio muhimu zaidi. `inspect` na traceback zote mbili zinapitia ghala hilo zikitaka maandishi. Kwa kawaida ghala linalinganisha muda na ukubwa wa faili diskini, likiona tofauti linatupa kilichomo na kusoma upya. Ila pale kwenye nafasi ya muda nimeweka `None`, na ingizo lenye `None` halikaguliwi. Kwa hiyo `inspect.getsource(hesabu.gawio)` itakupa maandishi yaliyoendeshwa, hata faili libadilishwe mara mia. Kesho mkutano ukibadili asilimia na ukasahau kuwasha programu upya, hesabu itakuwa ya zamani na kanuni itakayochapwa itakuwa ya zamani pia. Vitakubaliana, na mtu mwenye kalamu ataona mara moja kwamba uamuzi mpya haujaanza kutumika.

#10 Nuru_ya_Msimbo

Mkuu Fundi, kipakiaji nimekielewa. Ila nina wasiwasi mwingine. Tuseme `gawio` inasema `faida * (1 - SEHEMU_YA_JAMII)`. Hiyo `SEHEMU_YA_JAMII` iko wapi? Inaweza kuwa juu ya faili, kwenye faili la mipangilio, au kwenye hifadhidata. Maandishi ya fanksheni yatachapwa sahihi kabisa na mwanachama bado hatajua ni asilimia ngapi imekatwa.

#11 Mtunza_Daftari

Hilo ni kweli tupu. Kwetu namba hiyo imo ndani ya fanksheni kwa sasa, lakini mpango ulikuwa kuihamishia kwenye mipangilio.

#12 Fundi_Seva

Nuru, hapo umepiga penyewe. Maandishi ya fanksheni hayatoshi pale inapotegemea kitu kilicho nje yake. Kwa kazi hii ningefanya `gawio` iwe fanksheni safi: kila inachohitaji kiingie kama kigezo, `gawio(hisa, jumla_ya_hisa, faida, sehemu_ya_jamii)`, isiguse hifadhidata wala saa. Halafu chapa vigezo vyote pamoja na thamani zake juu ya kanuni. Mtu apate kanuni na vilivyoingia, akokotoe mwenyewe bila kuuliza.

#13 BintiMantiki

Naomba niingize upande ambao haujaguswa. Njia zote hapo juu zinategemea kitu kilicho nje ya programu: faili, kerneli, injini, kompaila. Je, programu inaweza kuyajua maandishi yake bila kufungua chochote?

Inaweza, na hili lilithibitishwa kabla hazijakuwepo lugha hizi tunazozijadili. Mwaka 1938 mwanahisabati Stephen Kleene alichapisha nadharia ambayo kwa maneno ya kawaida inasema hivi: programu yoyote unayoitaka, inayohitaji maandishi yake yenyewe kama data, ipo programu inayofanya kazi hiyo hiyo huku ikijipatia maandishi hayo yenyewe. Hii hapa kwa Python, mistari miwili:

```
s = 's = %r\nprint(s %% s)'
print(s % s)
```

Iendesheni. Itatoa mistari hiyo hiyo miwili, herufi kwa herufi. Itazameni kwa makini, maana siri yote iko kwenye `s` kutumika mara mbili kwa namna mbili. Mara ya kwanza `s` ni kiolezo kinachofuatwa: `%r` inatafuta cha kujazwa, `%%` inageuka `%`. Mara ya pili `s` ni kitu cha kunakiliwa tu, kinaingizwa pale kwenye `%r` pamoja na alama zake za nukuu, bila yeyote kuuliza kina maana gani. Maelezo yale yale yanafuatwa, kisha yananakiliwa.

Mwanahisabati John von Neumann alifika kwenye mpangilio huo huo mwishoni mwa miaka ya 1940 alipokuwa akitafuta namna mashine inavyoweza kujenga nakala yake. Aliona mashine lazima ibebe maelezo yake, ayafuate mjenzi, kisha mnakili ayanakili bila kuyasoma maana. Muundo wa DNA ulitangazwa mwaka 1953, na kila ninapofikiri kwamba seli nayo inatumia maelezo yake kwa njia hizo mbili, nasisimka.

Programu za namna hii zinaitwa kwaini, jina alilolitoa Douglas Hofstadter mwaka 1979 kwa heshima ya mwanafalsafa Willard Van Orman Quine. Zenyewe ni za zamani zaidi: Hamish Dewar aliandika moja kwa lugha ya Atlas Autocode kule Edinburgh miaka ya 1960, na Paul Bratley na Jean Millo wakaziandikia makala mwaka 1972. Kufungua faili lako hakuruhusiwi kwenye mchezo huu. Mwaka 1994 mtu alipeleka faili tupu la C kwenye IOCCC, shindano la kuandika C isiyosomeka kirahisi, kwa hoja kwamba halitoi kitu na chanzo chake si kitu, na akapewa tuzo ya ukiukaji mbaya kuliko wote wa kanuni. Yusuke Endoh wa Japani naye ameandika programu ya Ruby inayotoa programu ya Rust, hiyo ikatoa ya Scala, na kuendelea katika lugha 128 hadi kurudi Ruby ile ile ya mwanzo.

Na hii ndiyo ninayoipenda zaidi: kwa vitendo huwezi kuandika ndani ya faili alama ya SHA-256 ya faili hilo hilo, kwa sababu ukiiandika maandishi yanabadilika na alama nayo inabadilika. Lakini kwaini inaweza kuichapa alama yake bila kuibeba. Inajijenga upya kutoka kwenye `s`, kisha inapiga SHA-256 juu ya ilichokijenga.

#14 Mtunza_Daftari

Binti, nimeiendesha na kweli imetoka ile ile. Nimekaa naitazama. Sasa, hii inaweza kuchukua nafasi ya kipakiaji? Yaani `hesabu.py` ijibebe yenyewe?

#15 BintiMantiki

Hapana, na ni bora niseme wazi. Kwaini inachapa kile ambacho `s` inasema, na `s` iliandikwa na mtu. Mhariri wa kesho akibadili 0.10 kwenye sehemu inayotekelezwa na asiguse `s`, programu itaendelea kujitangaza kwa asilimia 10 huku ikikata 12. Hapo si kwaini tena, na hakuna onyo litakalotolewa. Umerudi pale pale kwa mama na kalamu yake. Kipakiaji cha Fundi ni bora kwa kazi yako kwa sababu maandishi yanayochapwa na yanayotekelezwa yametoka kwenye baiti zile zile, hakuna binadamu wa kuvilinganisha.

#16 Mchapa_C

Nakubaliana na Binti, ila tusimwache ndugu yetu akidhani hapo ndipo mwisho. Baiti zile zile, sawa. Lakini anayezigeuza kuwa maagizo ni nani?

Ken Thompson, mmoja wa waliounda Unix, alilisema hili kwenye hotuba yake ya Tuzo ya Turing iliyochapishwa Agosti 1984, na alianza kwa kuonyesha programu inayojichapa kama hiyo ya Binti. Alieleza namna ya kuifundisha kompaila ya C itambue inapokompaili programu ya kuingilia mfumo na kupenyeza mlango wa siri. Halafu itambue inapojikompaili yenyewe, na kupenyeza mafunzo hayo hayo ndani ya kompaila mpya. Baada ya hapo unafuta kila kitu kwenye chanzo. Ukisoma chanzo cha kompaila ni kisafi, cha programu ya kuingilia ni kisafi, na mlango bado upo.

Njia ya kuukamata ipo. David A. Wheeler aliieleza mwaka 2005 na kuiandikia tasnifu mwaka 2009: unakikompaili chanzo cha kompaila kwa kompaila nyingine isiyohusiana nayo, kisha matokeo yake unayatumia kukompaili chanzo hicho hicho tena, na unalinganisha na ile unayoishuku baiti kwa baiti. Kwa kikundi chenu sisemi mfanye hivyo. Nasema tu karatasi iandike pia toleo la Python, `sys.version`, na alama ya kipakiaji chenyewe. Haigharimu kitu.

#17 Mwandishi_Pwani

Niongeze la kisheria kidogo maana linaingia humu humu. Mwaka 2002 Bradley Kuhn alikuwa akifikiria namna ya kuwahakikishia watumiaji wa programu za mtandaoni chanzo cha kile wanachotumia, na wazo lililomsaidia lilikuwa kwaini. Kama programu inaweza kutoa maandishi yake, basi leseni inaweza kudai kwamba kipengele hicho kisiondolewe. Huko ndiko ilikotoka Affero GPL, na toleo lake la tatu la 2007 linataka ukibadili programu na kuwahudumia watu kwa mtandao, uwape nafasi ya kupata chanzo cha toleo hilo hilo unaloliendesha.

Ona maneno hayo, toleo hilo hilo. Wenye tovuti nyingi wanaweka kiungo cha hazina ya Git (panapotunzwa matoleo ya msimbo) na kudhani wamemaliza, wakati kwenye seva kuna marekebisho ya dharura ambayo hayajaingizwa Git. Wanachama wako wanadai kitu kile kile ambacho leseni inadai, na wamekidai bila kumuona mwanasheria.

#18 Mtunza_Daftari

Wakuu, nimeweka kipakiaji. `gawio` sasa ina vigezo vinne na haigusi hifadhidata. Karatasi mpya ina vigezo na thamani zake, kanuni kamili, alama ya SHA-256 ya `hesabu.py` na ya kipakiaji, na toleo la Python. Nimejaribu kubadili faili huku programu inafanya kazi: jedwali na kanuni vimebaki pamoja, vyote vya zamani, mpaka nilipoiwasha upya. Karatasi za mwanzo kamati imezikusanya na zitatolewa upya zote.

Limebaki moja. Katibu amechukua nakala ya `hesabu.py` kutoka kwenye Git, akaipiga SHA-256 kwenye kompyuta yake ya Windows, alama haikulingana. Nimesoma mafaili yote mawili kwa macho, hakuna herufi iliyotofautiana.

#19 Fundi_Seva

Ni miisho ya mistari. Git ya Windows mara nyingi inawekwa `core.autocrlf` ikiwa imewashwa, kwa hiyo wakati wa kutoa faili inageuza kila LF (alama ya mwisho wa mstari ya Linux) kuwa CRLF (ya Windows). Kwa macho huoni, kwa SHA-256 ni faili jingine. Weka `.gitattributes` kwenye hazina yenu yenye mstari huu:

```
*.py -text
```

Kisha katibu afute nakala yake na aichukue upya. Apige alama kwa `certutil -hashfile hesabu.py SHA256`, amri hiyo tayari imo ndani ya Windows. Itaoana na ya kwenye karatasi.

#20 Mtunza_Daftari

Imeoana.